Homa ya Manjano, Homa ya Ini, na Mama Asiye na Homa

Miongoni mwa majina ya maradhi yanayomtaabisha mfasiri wa Kiswahili, sidhani kama liko linalozidi homa ya manjano. Akilikuta katika cheti cha msafiri, maana yake ni ugonjwa unaoenezwa na mbu, ambao chanjo yake hudaiwa mipakani. Akilikuta katika mazungumzo ya wagonjwa, maana yake ni macho na ngozi kugeuka rangi, kwa sababu yoyote ile. Na akilikuta katika kijitabu cha kliniki ya wajawazito, huenda mwandishi alikusudia jambo la tatu, yaani ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi cha aina ya B, ambao mtoto aweza kuupata kwa mama yake saa ile ile anapozaliwa. Mambo matatu, jina moja. Na katika hilo la tatu kosa la jina laweza kumgharimu mtoto ini lake baada ya miaka thelathini au arobaini.

Makala haya yanafuata historia ya ugonjwa huo wa tatu kwa njia ya majina yake. Tutaona kwamba utaalamu ulichukua muda mrefu kuacha kuutazama ugonjwa huu kwa rangi ya ngozi, na kwamba Kiswahili chetu, kama lugha nyingine nyingi, bado kimebaki nyuma kidogo katika safari hiyo.

Tuanze na neno lenyewe. Manjano ni kiungo kabla hayajawa rangi. Waswahili walipotaka kuitaja rangi ile walishika kitu kilichokuwa jikoni, kama walivyoshika majani kwa kijani na majivu kwa kijivu. Hivyo mgonjwa aliyegeuka macho aliitwa mwenye manjano, na kwa kuwa maradhi mengi huja na joto la mwili, ikawa homa ya manjano. Lipo pia neno safura, ambalo asili yake ni Kiarabu, na shina lake huko hubeba maana ya rangi hiyo hiyo pamoja na ya nyongo. Lakini neno hilo lilipokaa kwetu lilihama: siku hizi safura ni ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu tumboni hata mgonjwa akapauka na kuvimba. Basi mfasiri anayedhani atakimbilia safura ili aikwepe homa ya manjano ameruka majivu na kukanyaga moto.

Rangi ya manjano si ugonjwa bali ni dalili. Damu inapochakaa hutoa rangi ambayo ini huichukua na kuitoa pamoja na nyongo; ini likishindwa, au damu ikiharibika kwa wingi kupita kiasi, rangi hiyo hubaki mwilini na kuonekana machoni. Malaria kali yaweza kuleta hali hiyo, mawe ya nyongo yaweza, na hata mtoto mchanga aliye mzima kabisa huweza kuwa na manjano katika wiki yake ya kwanza kwa sababu ini lake bado halijazoea kazi. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga hupatwa na manjano ya namna hii. Jambo hili msomaji alishike, kwani tutalirudia.

Tukio la kwanza linalojulikana vyema katika historia ya ugonjwa wetu lilitokea Bremen, Ujerumani, mwaka 1883. Wafanyakazi 1,289 wa kiwanda cha kuunda meli walichanjwa ndui kwa maji yaliyotolewa katika miili ya watu wengine waliokwisha kuchanjwa, kama ilivyokuwa desturi. Katika miezi iliyofuata, 191 kati yao waligeuka manjano. Wenzao waliochanjwa kwa maji ya asili nyingine hawakupatwa. Daktari Lürman, aliyetoa taarifa ya tukio hilo mwaka 1885, aliona wazi kwamba chanzo kilikuwa katika maji yale, ingawa hakuwa na jina la kukiita. Hapa lugha yetu ina ushahidi ambao lugha nyingine zimeupoteza: kuchanja ni kukata, kuchanja kuni na kuchanja ngozi. Neno chanjo limehifadhi kumbukumbu ya wembe na damu, hata leo ambapo mtoto hudungwa sindano safi au hudondoshewa matone mdomoni.

Tukio la pili ni la 1942, nalo ni mtihani kwa mfasiri yeyote. Majeshi ya Marekani yalichanjwa dhidi ya ugonjwa ule wa mbu, na chanjo yenyewe ilikuwa imechanganywa na seramu ya damu ya binadamu ili isiharibike. Baadhi ya mafungu ya chanjo hiyo yalikuwa na kirusi cha ini. Askari wapatao 50,000 waliugua wakageuka manjano. Jaribu kuyaandika hayo kwa majina tuliyoyazoea: chanjo ya homa ya manjano iliwaletea askari homa ya manjano. Msomaji atafahamu kwamba chanjo ilileta ugonjwa ule ule iliokusudiwa kuukinga, na hilo si kweli hata kidogo. Virusi vilikuwa viwili tofauti, vya jamii mbili zisizo na udugu. Nimeona sentensi za namna hiyo katika tafsiri, na kila mara msomaji hutoka na sababu mpya ya kuikimbia chanjo.

Miaka zaidi ya arobaini baadaye, wataalamu waliwatafuta askari wale na kuwapima damu. Mwaka 1987 walitoa matokeo: ilikadiriwa kwamba watu wapatao 330,000 waliambukizwa, lakini kati ya wale waliochanjwa kwa mafungu yenye kirusi na kupimwa, alipatikana mmoja tu ambaye bado alikuwa na kirusi mwilini. Watu wazima wale, karibu wote, miili yao ilikuwa imekishinda. Msomaji aliweke hilo kando kidogo.

Mwaka 1947 daktari Mwingereza MacCallum alipendekeza kwamba ugonjwa wa ini unaopatikana kwa chakula na maji uitwe aina ya A, na ule unaopatikana kwa damu uitwe aina ya B. Herufi hazina rangi wala harufu, na hiyo ndiyo sifa yake: hazimdanganyi mtu. Kiswahili kilifuata mpango huo na kusema homa ya ini aina ya A, aina ya B, na kadhalika. Jina homa ya ini lilikuwa hatua kubwa mbele, kwa sababu liliondoa mawazo katika ngozi na kuyapeleka katika kiungo kinachougua. Lakini lilibaki na neno homa. Na homa, kwa Mswahili yeyote, ni joto, kutetemeka, kulala kitandani. Mtu akiambiwa ana homa ya ini naye hajisikii joto wala maumivu, hushika kichwa chake na kusema kipimo kimekosea.

Kirusi chenyewe kilipatikana na mtu ambaye hakuwa akikitafuta. Baruch Blumberg, Mmarekani, alikuwa akichunguza jinsi damu za watu wa mataifa mbalimbali zinavyotofautiana. Mwaka 1963 damu ya mwenyeji mmoja wa asili wa Australia ilionyesha protini isiyojulikana, nayo ikaitwa antijeni ya Australia. Ilichukua miaka kadhaa hadi ikafahamika kwamba protini hiyo ni gamba la nje la kirusi cha aina ya B. Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Jina la Australia liliachwa, na vizuri. Nchi ile haikuwa na kosa lolote zaidi ya kutoa damu iliyopimwa. Sasa huitwa antijeni ya juu ya kirusi cha B, na ndiyo hutafutwa katika damu ya mjamzito anapopimwa.

Kipimo kilipopatikana, ndipo ukweli uliokuwa umejificha nyuma ya rangi ukaanza kuonekana. Na mahali ulipoonekana waziwazi ni Taiwan. Huko, katika mji wa Taipei, Cladd Stevens na R. Palmer Beasley pamoja na wenzao walipima wajawazito kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hawakuwatafuta wagonjwa. Waliwatafuta wanawake wazima, wanaofanya kazi zao, wasio na manjano wala homa, ambao damu zao zilikuwa na ile antijeni. Taarifa yao ya 1975 inahusu watoto 158 wa akina mama wa namna hiyo. Katika miezi sita ya kwanza, watoto 63, yaani 4 katika kila 10, walionekana na antijeni katika damu zao. Watoto hao nao, kwa sehemu kubwa, hawakuwa na manjano. Walinyonya, walikua, walicheka. Mwaka 1977 Beasley na wenzake walionyesha kwamba hatari haikuwa sawa kwa akina mama wote: wale wenye antijeni nyingine, iliyoitwa kwa herufi e, ambayo ni alama kwamba kirusi kinazaliana kwa wingi, waliwaambukiza watoto wao karibu wote.

Sasa tuwakumbuke askari wa 1942. Mtu mzima akiambukizwa, aweza kuugua na kugeuka manjano, na mara nyingi hupona. Wanaobaki na kirusi ni wachache, chini ya 5 katika 100. Mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa haugui, hageuki rangi, na katika watoto 10 wa namna hiyo 9 hubaki na kirusi maishani. Kinga yake changa haimtambui adui, hivyo hakuna vita, na pasipo vita hakuna dalili. Rangi ya manjano, iliyoupa ugonjwa jina, ni moshi wa vita hivyo. Mahali penye hatari kubwa kuliko zote, moshi hakuna.

Je, kirusi kinachokaa kimya hudhuru? Beasley na wenzake waliwafuatilia wanaume 22,707 wa Taiwan, wengi wao watumishi wa serikali. Kati yao 3,454 walikuwa na antijeni. Ilipofika 1981, wanaume 41 walikuwa wamekufa kwa saratani ya ini, na 40 kati yao walitoka katika kundi hilo dogo. Ni nadra sana katika elimu ya afya kupata hesabu inayosema kwa sauti kubwa namna hiyo.

Hapo ndipo maneno yanapokuwa kazi yetu. Tuchukue kwanza neno la kumwita mama mwenye kirusi asiyeumwa. Wengi wameandika mbebaji. Sina ugomvi na umbo la neno hilo, lakini mjamzito tayari ni mbeba mimba, na kumwita mbebaji katika kliniki ambamo wote wamebeba ni kumchanganya au kumtia doa. Wengine wameandika mchukuzi, neno ambalo kwangu lina harufu ya gati na magunia. Naona ni afadhali kusema mama mwenye kirusi cha B, basi. Ni maneno mengi zaidi, lakini yanasema kweli na hayamgeuzi mtu kuwa chombo.

La pili ni sugu. Maradhi ya muda mrefu tumeyaita maradhi sugu, na vijidudu visivyosikia dawa navyo tumeviita sugu. Mama akiambiwa ana maambukizi sugu ya kirusi cha B, huelewa kwamba hakuna dawa itakayofaa, na wengine hukata tamaa ya kurudi kliniki. Kumbe maana iliyokusudiwa ni kwamba kirusi kimekaa zaidi ya miezi sita, na dawa za kukituliza zipo. Katika maandishi ya wajawazito ningependekeza maambukizi ya kudumu, na neno sugu liachiwe vijidudu vilivyoishinda dawa.

La tatu ni yale maambukizi yaliyoitwa ya wima, kwa kuiga wataalamu wanaofikiria mchoro wa ukoo, babu juu na mjukuu chini. Kwa Kiswahili wima ni mtu kusimama, au nguzo. Hapa tuna bahati kwamba kazi imekwisha kufanywa: kliniki za UKIMWI zimeyazoesha masikio ya watu maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hata hivyo, katika ugonjwa huu lazima iongezwe wakati wa kuzaliwa, maana ndipo yanapotokea kwa sehemu kubwa kabisa, mtoto anapogusana na damu na maji ya mama. Bila nyongeza hiyo mama hudhani kosa liko katika maziwa yake, na huacha kunyonyesha. Na mtoto aliyechanjwa hana sababu yoyote ya kunyimwa ziwa.

Kadhalika lile neno chanya. Katika hesabu ni upande wa kujumlisha, na katika magazeti limekuwa na maana ya jambo jema: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Majibu chanya ya damu si jambo jema. Kusema kirusi kimeonekana, au hakikuonekana, kunatosha.

Chanjo ya kwanza ya kirusi hiki iliruhusiwa Marekani mwaka 1981, ikitengenezwa kutoka damu ya watu wenye antijeni. Mwaka 1986 ikafuata iliyotengenezwa kwa hamira, isiyohitaji damu ya mtu. Pamoja na chanjo ilikuwapo pia globulini ya kinga, yaani kingamwili zilizokusanywa kutoka damu ya watu waliokwisha kupata kinga. Vitu hivi viwili hutafsiriwa ovyo. Chanjo humfundisha mtoto kujitengenezea silaha. Globulini humwazima silaha za mwingine, za muda mfupi. Kuviita vyote viwili sindano ya kinga ni kuondoa tofauti ambayo muuguzi anahitaji kuijua, kwani moja hurudiwa na nyingine hairudiwi, na hudungwa katika sehemu mbili mbalimbali za mwili. Majaribio ya Taiwan yaliyotangazwa 1983 yalionyesha kwamba mtoto wa mama mwenye antijeni e akipewa vyote viwili mapema, maambukizi ya kudumu huzuiliwa kwa zaidi ya asilimia 90.

Julai 1984 Taiwan ilianza kuwachanja watoto wa akina mama wenye kirusi, na mwaka 1986 watoto wachanga wote. Katika Taipei watoto wenye kirusi walikuwa karibu asilimia 10 mwaka 1984. Miaka kumi baadaye walikuwa asilimia 1.3. Saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilishuka kutoka 0.70 katika kila watoto 100,000 kwa mwaka (1981 hadi 1986) hadi 0.36 (1990 hadi 1994). Ilikuwa mara ya kwanza saratani ya binadamu kuonekana ikipungua kwa sababu ya chanjo.

Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziiingize chanjo hii katika mipango yao. Kenya iliiingiza 2001 na Tanzania 2002, ikiwa imeunganishwa na chanjo za dondakoo, kifaduro na pepopunda. Chanjo ya kuunganishwa haiwezi kutolewa siku mtoto anapozaliwa. Huanza anapofikia wiki kadhaa, na katika nchi nyingi za Afrika ni wiki ya 6. Kwa bara letu mpango huo ulikuwa na hoja yake, kwa kuwa watoto wengi huku huambukizwa wakiwa wadogo, katika michubuko na michezo ya utotoni, na akina mama wenye antijeni e ni wachache kuliko Asia. Lakini wapo, na kwa watoto wao wiki ya 6 ni baada ya mvua. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika lilipendekeza kila mtoto duniani apewe dozi moja katika saa 24 za kwanza, na mwaka 2020 likaongeza kwamba mama mwenye kirusi kingi damuni apewe dawa ya tenofovir tangu wiki ya 28 ya mimba. Dawa hiyo hapo si tiba ya mama, ni kinga ya mtoto inayopitia kwa mama. Karatasi inayoiita matibabu ya homa ya ini itamfanya mama mzima aitupe.

Lililobaki ni jina la dozi ile na wakati wake. Kuiita dozi ya kwanza haifai, maana ya kwanza katika kadi ni ile ya wiki ya 6, na muuguzi ataingoja. Kuiita dozi sifuri, kwa kufuata namba 0 inayoandikwa kwa matone ya polio ya kuzaliwa, ni kumwambia mama kwamba mtoto hakupewa kitu. Chanjo ya kuzaliwa ni jina zuri na jepesi. Ila lisirefushwe kuwa chanjo ya siku ya kuzaliwa. Kwanza, siku ya kuzaliwa ni sherehe ya kila mwaka. Pili, siku ya Mswahili wa pwani huanza jua linapotua, na siku ya ofisi huanza saa sita usiku. Mtoto aliyezaliwa saa tano usiku wa kuamkia Jumanne, kwa ofisi ni mtoto wa Jumatatu ambaye siku yake imebakiza saa moja, na kwa bibi yake ni mtoto wa Jumanne mwenye usiku mzima na mchana mzima mbele yake.

Saa nazo zina mtego wake. Miongozo mingine hutaka globulini itolewe katika saa 12 za kwanza. Mfasiri akiandika kabla ya saa 12, msomaji wetu ataangalia ukutani, na mtoto aliyezaliwa saa kumi na moja jioni ataonekana ana saa moja tu, na yule wa saa moja asubuhi ana kutwa nzima. Wapo wanaoandika masaa ili kuonyesha muda. Lakini Kiswahili sanifu huandika saa kwa umoja na kwa wingi, na hatuna haja ya kuvunja kanuni hiyo wakati njia nyingine ipo. Iandikwe hivi: katika muda usiozidi saa 12 tangu mtoto alipozaliwa, na kwa chanjo, katika muda usiozidi saa 24 tangu mtoto alipozaliwa. Kisha kando ya maneno hayo, katika kadi, iachwe nafasi mbili za kujazwa kwa kalamu: saa aliyozaliwa, na saa aliyochanjwa.